Ziwa limefunguliwa, mashine haiwaki: namna ya kutafuta ubovu wa injini ya boti iliyolala miezi mitatu

Tarehe 15 Mei 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika upande wake wa Ziwa Tanganyika kwa muda wa miezi mitatu, hadi 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaana na kukua. Hatua hiyo ilitokana na makubaliano ya nchi nne zinazolimiliki ziwa hili kwa pamoja, yaani Burundi, Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Mengi yamesemwa kuhusu dagaa na migebuka, au ndagala na mukeke kama tunavyowaita sisi huku Burundi. Machache mno yamesemwa kuhusu kitu kingine kinacholala katika kipindi kama hicho: injini ya boti.

Katika mialo ya Kigoma, kuanzia Kibirizi hadi Katonga, kama ilivyo Rumonge na Nyanza-Lac kwa upande wetu, injini iliyozoeleka ni ya mapigo mawili, ile ambayo petroli yake huchanganywa na oili kabla ya kumiminwa katika tangi. Nyingi ni Yamaha zilizokwisha kupita mikononi mwa wamiliki kadhaa. Ni mashine imara, nyepesi kufunguliwa, na vipuri vyake hupatikana. Lakini ina desturi moja isiyopendeza: ikiachwa kimya kwa wiki nyingi, siku ya kuamshwa hugoma. Mwenye boti huvuta kamba mara kumi, mara ishirini, mikono ikachubuka, hali karabai zimekwisha kuwekwa sawa na giza lisilo na mwezi, ambalo ndilo msimu halisi wa mvuvi wa dagaa, linapita bure.

Hasara ya usiku mmoja inavumilika. Lililo zito zaidi ni mashine inayokubali kuwaka ufukoni kwa kubembelezwa, kisha ikazimika katikati ya ziwa na isiwake tena. Ziwa Tanganyika lina kina kinachofikia mita 1,470, na ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi. Katika sehemu nyingi ardhi yake huporomoka ghafla karibu na ufuko, hivyo boti iliyosogea kidogo tu haina mahali pa kutupa nanga ikashika. Itakwenda inakopelekwa na upepo. Katika miezi ya kiangazi upepo mkali hutoka kusini, na boti iliyokwama mbele ya Kigoma inaweza kujikuta inasukumwa kuelekea maji ya nchi nyingine, watu wake wakiwa hawana chakula wala karatasi za kuvukia mpaka. Ndiyo maana ubovu mdogo wa kabureta, ambao kwa mwenye pikipiki ni kero tu, kwa mvuvi ni suala la uhai.

Makala hii inaeleza njia ya kuutafuta ubovu huo kwa mpangilio, bila kuifungua mashine yote. Fundi asiye na subira huanza kwa kufungua. Fundi mzuri huanza kwa kuuliza, na maswali yake ni matatu: je, petroli inafika? Je, cheche ipo? Je, silinda inagandamiza hewa? Injini ya mapigo mawili haihitaji kitu cha nne ili iwake. Ikigoma, mojawapo kati ya hayo matatu halipo, na kazi yote ni kujua ni lipi.

Kabla ya kugusa spana

Yapo mambo ambayo fundi mzoefu huyatazama kimyakimya kabla ya lolote, kwa sababu huona aibu kulipwa fedha kwa ajili yake. Boti nyingi zina kamba fupi ya usalama inayofungwa mkononi mwa nahodha. Kipini chake kikichomoka, injini hunyimwa cheche kwa makusudi ili isimwache mtu majini na kuendelea yenyewe. Kipini kikipotea, injini haitawaka hata ukivuta hadi jua linazama. Gia nayo iwe huru. Injini nyingi zina kizuizi kinachoikataza kamba isivutike gia ikiwa imeingia, kwa hiyo kamba ikigoma kabisa kusogea, usifikirie kwanza kwamba pistoni imenata. Tazama mkono wa gia.

Kisha tangi. Kifuniko chake kina skrubu ndogo ya kupitishia hewa, ambayo hufungwa wakati wa kusafirisha na kusahauliwa. Ikifungwa, petroli hutoka kwa dakika chache, halafu tangi hunyonya na mafuta husimama. Mpira wa mafuta una pampu ndogo ya kubana kwa mkono, yenye mshale. Mshale lazima uelekee kwenye injini. Bana hadi pampu iwe ngumu. Kama haiwi ngumu hata baada ya kubanwa mara nyingi, ama hewa inaingia mahali fulani, aghalabu kwenye kiungio cha mpira kilichochoka, ama petroli inamwagika ndani ya kabureta isiyojifunga. Kama inabonyea na kubaki bapa, njia imeziba upande wa tangi. Kwa jambo hilo moja tu, kidole gumba kimekwisha kukueleza nusu ya habari ya mafuta.

Plagi ndiyo shahidi

Baada ya hapo, toa plagi, ambazo mafundi wengi wa Bujumbura na Uvira huziita buji kwa kufuata Kifaransa. Vuta kamba mara nne au tano choki ikiwa imefungwa, kisha zifungue na uzitazame ncha zake. Hapa ndipo njia zinapoachana, na hapa ndipo watu wengi hukosea kwa kuzipangusa haraka kabla ya kuzisoma.

Plagi kavu kabisa, isiyo na harufu ya petroli, inasema kwamba mafuta hayafiki kwenye silinda. Hapo huna haja ya kugusa umeme. Rudi nyuma kuelekea kabureta. Plagi iliyolowa inasema kinyume chake: mafuta yanafika, bali hayachomwi. Ama cheche haipo, ama ipo lakini ni dhaifu, ama mafuta yenyewe ni mabovu au yamezidi. Plagi nyeusi yenye masizi laini na utelezi wa oili inasimulia historia ndefu kidogo, ya mchanganyiko wenye oili nyingi mno au ya injini iliyozoea kuzungushwa polepole kwa saa nyingi. Na hapa tusisahau kwamba uso wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kidogo kuliko ya Dar es Salaam au Mombasa, na kabureta iliyopimwa kwa ajili ya pwani hutoa petroli iliyozidi kidogo mahitaji. Tofauti si kubwa, lakini kwa injini iliyochoka huongeza masizi.

Yupo mvuvi anayeichoma plagi iliyolowa juu ya makaa ya jiko hadi iwe nyekundu, na mara nyingine injini huwaka kweli. Lakini moto wa namna hiyo hupasua kauri nyeupe ya plagi kwa nyufa zisizoonekana, na cheche hupotelea humo badala ya kuruka kwenye ncha. Ikaushe kwa kitambaa safi na jua, isugue kwa brashi laini ya waya, na kama ina umri usiojulikana, nunua nyingine. Hakuna kipuri cha bei ndogo zaidi katika mashine yote.

Ukinunua, soma namba. Injini nyingi za Yamaha za mapigo mawili hutumia plagi ya NGK iitwayo B7HS-10. Ile 7 ni kiwango cha joto, na kwa kampuni hiyo namba kubwa humaanisha plagi baridi zaidi. Ile 10 ya mwishoni ni mwanya wa milimita 1.0 kati ya ncha mbili. Anayefunga B7HS isiyo na 10 amefunga plagi yenye mwanya mdogo zaidi. Itaingia vizuri, pengine itafanya kazi, lakini haikukusudiwa. Kitabu cha injini yako, au bango lililo ndani ya kofia yake, ndilo lenye neno la mwisho.

Petroli iliyolala

Baada ya kipindi cha kufungwa kwa ziwa, ukiniuliza niweke dau langu wapi bila kuiona mashine, nitaliweka kwenye kabureta. Sababu yake ni rahisi, ingawa haifahamiki kwa wengi.

Petroli si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, vingine vyepesi sana na vingine vizito. Vyepesi ndivyo vinavyogeuka mvuke hata injini ikiwa baridi, na bila mvuke hakuna kuwaka, kwa maana petroli ya maji haichomwi na cheche. Unaochomwa ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Lakini hivyo vyepesi ndivyo vya kwanza kutoroka petroli ikikaa. Kinachobaki kinaonekana kama petroli, kinanuka karibu kama petroli, na hata kinawaka ukikitia kiberiti, ila hakiamshi injini baridi.

Sasa fikiria bakuli la kabureta, ambalo hubeba kiasi kidogo tu cha mafuta. Kiasi hicho hukauka mapema kuliko tangi. Na kwa kuwa petroli yetu ina oili, petroli inapotoroka oili hubaki, pamoja na utomvu wa kahawia unaofanana na vanishi ya seremala. Utomvu huo hutua mahali pabaya kuliko pote: ndani ya jeti, vijitundu vya shaba vyembamba vinavyopitisha mafuta. Kijitundu cha mwendo wa polepole, ambacho ndicho kinachohitajika zaidi wakati wa kuwasha, ndicho chembamba zaidi. Ndiyo maana injini inaweza kukataa kuwaka kabisa, au ikawaka kwa choki na kufa choki inapofunguliwa, hali kwa mwendo wa kasi ingenguruma vizuri tu kama ungeweza kuifikisha huko.

Kuna jaribio dogo linalothibitisha jambo hili kwa dakika mbili. Tia matone machache, chini ya kijiko cha chai, ya mchanganyiko mpya wa petroli na oili katika kila silinda kupitia tundu la plagi. Rudisha plagi, kaza, uvute kamba. Injini ikikohoa, ikawaka kwa sekunde mbili na kufa, imekujibu: cheche ipo, mgandamizo upo, kinachokosekana ni mafuta yanayotoka kwenye kabureta. Jaribio hili lifanyike mchana, mbali na jiko, sigara na karabai, na dumu la petroli likiwa limefungwa na kuwekwa kando. Boti ya mbao iliyolowa petroli kwa miaka mingi haihitaji mwaliko wa pili.

Ukishajua hivyo, fungua skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta na uyapokee mafuta yake katika chupa inayopenya mwanga. Acha yatulie. Maji, kama yapo, yatazama chini na kukaa kama shanga inayotembea ukiinamisha chupa. Maji hayo huingia kwa mvua, kwa umande unaojitengeneza ndani ya tangi lisilojaa, na mara nyingine kwa muuzaji. Hili la mwisho linatuhusu sisi wa Burundi kwa namna ya pekee. Katika miaka ya karibuni uhaba wa petroli umewafanya wengi wanunue kwa chupa na madumu, mafuta yaliyovuka kutoka Kigoma au Uvira na kupita mikono mingi. Mafuta ya namna hiyo hayana tarehe wala cheti. Yaweke kwanza katika chupa safi, yaangalie, yanuse; yakiwa na harufu nzito ya mafuta ya taa, au rangi iliyofifia na kuwa ya udongo, usiyape injini kwa sababu tu umeyapata kwa taabu.

Kusafisha kabureta si kazi ya kutisha, ila inataka mahali safi na subira. Piga picha kwa simu kabla ya kutoa chochote. Ndani ya bakuli kuna boya dogo na sindano inayofunga mafuta boya linapopanda, kama ilivyo katika tangi la maji la nyumbani. Sindano ikinata juu, mafuta hayaingii. Ikinata chini, yanamwagika, na pampu ya mkono haiwi ngumu kamwe. Jeti zifunguliwe kwa bisibisi inayozienea barabara, zilowekwe katika petroli safi au dawa ya kusafishia kabureta, kisha zipulizwe kwa upepo wa kompresa hadi uone mwanga umepenya. Zisichokolewe kwa waya wa chuma au sindano ya kushonea. Shaba ni laini, na tundu likipanuliwa hata kidogo halirudi tena katika kipimo chake. Tangu siku hiyo injini itakunywa mafuta zaidi na plagi zitaziba kila wiki. Wapo wanaotumia uzi mmoja mwembamba wa waya wa umeme wa shaba, na kwa hilo sina ubishi.

Ukiwa hapo, itazame na pampu ya mafuta iliyo ubavuni mwa injini. Ndani yake kuna kiwambo chembamba kinachosukumwa na mapigo ya injini yenyewe. Kikikakamaa au kupasuka, mashine huwaka kwa muda ukibana pampu ya mkono, na hufa ukiiacha. Nahodha anayelazimika kubana pampu ya mkono njia nzima kurudi pwani ana kiwambo kibovu, na anapaswa kukibadilisha kabla ya safari nyingine.

Kuhusu oili, neno moja. Injini nyingi za namna hii huomba sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za petroli, yaani nusu lita kwa tangi la lita 25. Za zamani zaidi huomba 1 kwa 25. Kuongeza oili "ili iwe salama" hakuongezi usalama, huongeza masizi. Kuipunguza ili kubana matumizi ni jambo baya zaidi, kwa kuwa katika injini hii hakuna oili nyingine inayolainisha pistoni isipokuwa hiyo iliyomo katika petroli.

Mashine iliyolewa

Kinyume cha njaa ni shibe. Mtu aliyevuta kamba mara thelathini akiwa amefunga choki ameijaza injini petroli, na sasa hata ubovu wa awali ukiondoka haitawaka. Toa plagi, fungua choki, fungua mafuta hadi mwisho, uchomoe kipini cha usalama ili kusiwe na cheche, kisha vuta kamba mara sita au saba. Petroli iliyozidi itaruka nje kupitia matundu ya plagi, kwa hiyo uso wako usiwe mbele yake. Pumzika robo saa. Rudisha kipini na plagi kavu, ujaribu bila choki.

Cheche inapopotea

Tuseme plagi imelowa, petroli ni mpya, na injini haijalewa. Sasa ni zamu ya umeme. Ichomeke plagi katika kofia ya waya wake, ulaze mwili wake wa chuma juu ya chuma kisicho na rangi cha injini, mbali na tundu la silinda ambalo mvuke wake unaweza kushika moto, na mwenzako avute kamba kwa nguvu kivulini. Cheche nzuri ni ya samawati na ina mlio. Ya rangi ya machungwa, nyembamba na isiyo na sauti, haitoshi: inaweza kuruka katika hewa huru na ikashindwa kuruka ndani ya silinda, mahali ambapo hewa imegandamizwa. Usiache kofia ya waya ikining'inia bila plagi wala chuma wakati wa kuvuta, kwa maana umeme usio na pa kwenda unaweza kuua koili.

Kuvuta kwa unyonge nako huleta majibu ya uongo. Injini hizi hazina betri. Umeme wake huzalishwa na sumaku zilizo katika gurudumu la juu, na gurudumu likizunguka polepole hakuna cheche. Mzee aliyechoka anaweza kuihukumu koili isiyo na hatia.

Kama silinda moja ina cheche na nyingine haina, badilisha plagi kwanza, kisha tazama kofia ya waya na waya wenyewe. Kama zote mbili hazina, hilo linaelekeza kwenye kitu kinachozihudumia pamoja, na mshukiwa wa kwanza ni swichi ya kuzimia. Waya wake, uliokaa miaka juani, huchubuka na kugusa chuma, na injini hudhani imeamriwa kuzimika. Utenganishe waya huo kwa muda, ujaribu tena. Cheche ikirudi umempata mkosaji. Lakini fahamu kwamba injini ikiwaka katika hali hiyo swichi haitaizima; itabidi uizime kwa choki, na wala usiingie ziwani kabla ya kuirekebisha. Kutu kwenye kiungio cha waya wa ardhi hufanya hila kama hizo, na tiba yake ni msasa.

Injini za zamani sana zina platini chini ya gurudumu la juu, ambazo huota utandu zikikaa. Zenye umri mdogo zaidi zina kisanduku cha CDI. Kisanduku hicho hakifunguliwi wala kusafishwa. Hubadilishwa, na si rahisi bei. Ndiyo sababu kinapaswa kuwa cha mwisho kulaumiwa. Kwa bahati mbaya katika vibanda vingi ndicho cha kwanza kutajwa, kwa kuwa mteja hana namna ya kubisha. Mwombe fundi akuonyeshe kwanza kwamba waya wa swichi umetenganishwa na bado hakuna cheche. Atakayekasirika kwa ombi hilo amekwisha kukujibu.

Mgandamizo

Likibaki swali la tatu, ziba tundu la plagi kwa kidole gumba na uvute. Hewa isukume kidole kwa nguvu na mlio. Ikipumua tu bila nguvu, ringi za pistoni zimelika au zimenata kwa masizi, au gasketi ya kichwa imeungua. Fundi mwenye kipimo atakupa namba, na jambo la kutazama zaidi si ukubwa wake bali tofauti kati ya silinda moja na nyingine. Ringi zilizonata baada ya kulala zinaweza kulegea kwa kutia oili kidogo ndani ya silinda na kuiacha usiku mmoja. Zilizolika hazina dua. Hapo injini inakwenda mezani kwa fundi, na mwenye mashine anaanza kuhesabu kama inafaa kutengenezwa au kuuzwa kwa vipuri.

Ikiwaka

Usiiwashe juu ya mchanga kwa zaidi ya sekunde chache. Chini ya injini kuna pampu ya maji yenye kigurudumu cha mpira kinachoitwa impela, na mpira huo hulainishwa na maji yenyewe. Bila maji huungua upesi. Pipa lililokatwa na kujazwa maji latosha kwa majaribio. Injini ikiwaka, tazama mkondo mwembamba wa maji unaotoka nyuma yake. Usipouona ndani ya dakika moja, izime. Impela iliyokaa miezi mitatu imekunjwa upande mmoja inaweza kuganda katika umbo hilo au kupasuka, na injini iliyoamshwa kwa taabu asubuhi huungua pistoni kabla ya adhuhuri.

Mengi ya haya yanaweza kuepukwa siku ambayo boti inavutwa juu. Chomoa mpira wa mafuta injini ikiwa inanguruma ndani ya maji, uiache ile petroli ya kabureta hadi ijizimie yenyewe, kisha fungua skrubu ya bakuli na umwage kilichobaki. Tia kijiko cha oili katika kila silinda, vuta kamba polepole mara mbili ili isambae, rudisha plagi. Injini isimame wima, isilazwe, ili maji ya ndani yatoke. Mafuta yaliyosalia katika tangi yatumike katika pikipiki ya mapigo mawili au yauzwe. Yasisubiri mwezi wa Agosti. Vuta kamba mara moja kila wiki mbili, choki ikiwa wazi, ili pistoni na impela zisikae mahali pamoja.

Na mfuko wa kwenda nao ziwani hauzidi uzito wa sufuria ya ugali: plagi mbili mpya zilizofungwa katika plastiki, spana yake, bisibisi, kitambaa kikavu, na kipande cha kamba cha mita moja na nusu chenye fundo mwishoni. Kamba hiyo ni kwa siku ile kamba ya kuwashia itakapokatika: hutolewa kofia ya injini, fundo likanaswa katika pengo lililo ukingoni mwa gurudumu la juu, kamba ikazungushwa kufuata mwendo wa saa na kuvutwa, nguo na vidole vikiwa mbali. Makasia mawili yawemo hata kama mashine ni mpya, pamoja na jaketi okozi kwa kila aliyemo, na mtu aliyebaki ufukoni awe anajua mlioelekea na saa ya kurudi.